Kipenyo kwanza, mafuta baadaye
Ndugu, umeuliza kwa nini rivolva yako inayotumia risasi za aina ya .38 Special inaacha utando wa kijivu ndani ya mtutu ilhali unazipaka mafuta mengi risasi unazosubu mwenyewe. Mimi ningeanza na kipenyo, kwa sababu risasi iliyo nyembamba kuliko mtutu huacha mwanya ambamo gesi ya moto hupenya, ikayeyusha ubavu wake na kuubandika kwenye chuma, na hapo mafuta hayaokoi kitu. Hakikisha silaha ni tupu, sukuma kipande cha risasi laini (madini yenyewe, maana Kiswahili kimeviita vyote viwili jina moja) kipite mtutuni, kisha ukipime kwa maikromita. Ukipata inchi 0.357, tumia kifaa cha kusawazishia risasi zifikie kipenyo cha inchi 0.358, na uone kama risasi inapita kwenye matundu ya mbele ya silinda (kile kibeba-risasi kinachozunguka) kwa kusukumwa taratibu na kidole. Mafuta yajaze mfereji wa ubavuni tu. Nusu nta ya nyuki na nusu Alox (kilainishi cha kiwandani) inatosha kabisa. Kitako cha risasi ukifute kikauke, kwani grisi ikigusa baruti huidhoofisha.