Usimfungie ndani: kumsaidia ndugu anayetumia unga akiwa Ulaya

Familia ikishajua kwamba kijana wao wa Birmingham, Marseille au Hamburg anatumia unga, yaani heroini, uamuzi hutolewa haraka, mara nyingi usiku huohuo kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja atasema afungiwe chumbani siku saba mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, imwishe. Mwingine atasema akatiwe tiketi arudi Mombasa au Unguja akakae kwa bibi yake. Wa tatu atatafuta kituo cha kumsafisha kwa wiki mbili. Yote matatu hutoka kwenye mapenzi, na yote matatu yanaweza kumuua.

Sababu ni hii. Heroini hupunguza kasi ya pumzi. Anayeitumia kila siku, ubongo wake huizoea, ndiyo maana hubeba kipimo ambacho mtu mwingine kingemzimisha palepale. Akikaa siku chache bila kitu, mazoea hayo huanza kupungua, na baada ya wiki moja au mbili yameshuka sana. Hamu haishuki kwa kasi hiyo. Siku akirudia hupima kwa jicho lake la zamani, na mwili umeshasahau. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela, hospitali au kituo cha kusafishwa ni wakati wa hatari kuliko wakati mwingi wa maisha yake ya uteja. Mlango wa chumba ukifunguliwa siku ya nane, aliyetoka humo ni mtu yuleyule mwenye hamu ileile na kinga pungufu.

Ulaya yenyewe ilijifunza kwa machungu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bustani ya Platzspitz huko Zürich, karibu na stesheni kuu ya treni, ilijaa watu wanaojidunga hadharani. Februari 1992 ilifungwa, watu wakahamia kwenye stesheni ya Letten iliyokuwa haitumiki tena, mwendo mfupi kando ya mto Limmat, mpaka nayo ikafungwa Februari 1995. Kufukuza peke yake kulihamisha tatizo tu. Kilichowatoa watu barabarani ni methadoni (dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini) iliyopatikana kwa urahisi, sindano safi, malazi, vyumba vya kutumia dawa mbele ya muuguzi (mji wa Bern ulifungua cha kwanza mwaka 1986), na kuanzia 1994 heroini ya hospitali kwa wale walioshindwa na tiba nyingine. Mwaka 2008 Waswisi waliipitisha heroini hiyo kwa kura ya wananchi, asilimia 68. Ufaransa nayo iliwaruhusu madaktari wa kawaida wa mitaani kuandika buprenofini, dawa nyingine mbadala wa heroini, mwaka 1996, na vifo vya kuzidiwa na dawa vilishuka kwa asilimia 79 kati ya 1995 na 1999. Watumiaji hawakuhubiriwa zaidi ya zamani. Walipewa dawa inayozuia arosto bila kuwarusha wala kuwazimisha, kila siku, kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye vitendo.

Hofu ya kwanza ya wengi ni makaratasi. England hakuna haja ya barua ya daktari ili kuanza tiba. Unapiga simu au unaingia mwenyewe kwenye huduma ya dawa za kulevya ya eneo unaloishi, na kujiandikisha kwa daktari wa familia hakudai uthibitisho wa anwani wala wa uhamiaji. Ufaransa kuna vituo vya aina mbili: CAARUD, ambako mtu huingia bila jina akapata sindano safi, chai, mahali pa kuoga na mtu wa kumsikiliza, na CSAPA, ambako tiba yenyewe hutolewa bure. Ujerumani nenda kwenye ofisi ya ushauri iitwayo Drogenberatung. Ni bure, na mshauri anabanwa na sheria kutunza siri. Ureno, tangu Julai 2001, anayekamatwa na kiasi kisichozidi matumizi yake ya siku 10 hapelekwi kwenye mahakama ya jinai. Huitwa mbele ya kamati ya watu watatu, na akionekana ni mraibu huelekezwa kwenye tiba. Hiyo haimaanishi kwamba dawa za kulevya ni halali Ureno. Kuuza bado ni jinai.

Omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya siku ya miadi. Usimtumie mtoto wa mgonjwa kutafsiri, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wote nyumbani. Mgonjwa hatataja kiasi anachotumia kweli mbele ya mwanawe, na dozi itapangwa juu ya uongo.

Methadoni ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Uingereza mara nyingi ni kimiminika cha kijani, mililita 1 ina miligramu 1. Mfamasia hukimimina kwenye kikombe kidogo cha plastiki, mgonjwa hunywa mbele yake, hupewa maji ya kusukumia, kisha huongea maneno mawili matatu kuonyesha kwamba amemeza. Wengine huona ni udhalilishaji. Vumilieni, kunywa mbele ya macho hutawala mwanzo tu, na wanaotulia hupewa za kuchukua nyumbani.

Dozi ya kwanza huwa kati ya miligramu 10 na 30 kwa siku, kisha hupandishwa kwa 5 au 10 kila baada ya siku chache. Wiki ya kwanza haipaswi kuzidi 30 juu ya ile ya kuanzia. Huo mwendo wa pole una maana. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo dozi ya leo inakuta mabaki ya jana, na huchukua kama siku tano kufika kiwango chake. Hapa ndipo mambo huharibika: siku ya tatu mgonjwa anaona bado anatokwa jasho na hapati usingizi, anajazia kwa unga kidogo, kwa pombe au kwa vidonge vya usingizi, na siku ya tano vyote vinakutana. Akilalamika kwamba haimtoshi, mpelekeni kwa muuguzi aongezewe, wala msimwambie ajikaze.

Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Familia hupenda kusikia dozi ndogo, kana kwamba 30 ni uchamungu na 90 ni uteja. Anayebaki kwenye 30 huku akijidunga mara mbili kwa wiki bado hajatibiwa. Amepewa nusu ya tiba. Na suala la kupunguza lisiguswe kabla ya mwaka mzima wa utulivu: analala, anakula, ana kazi au masomo, hana deni mtaani. Baada ya hapo, akitaka mwenyewe, hushuka 5 kila wiki mbili au zaidi, na hamu ikirudi anasimama pale alipofika. Aliye mjamzito asiache ghafla kwa hali yoyote. Arosto ya mama inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati.

Akikosa dozi siku tatu mfululizo, duka la dawa litagoma kumpa mpaka aonwe upya. Sheria hiyo ni ileile ya mwili unaosahau. Msigombane na mfamasia.

Buprenofini ni salama zaidi kwa upande wa pumzi, lakini ina mtego wake. Ikitumiwa mapema, huing'oa heroini iliyoko kwenye ubongo na kumtumbukiza mtu kwenye arosto kali ndani ya saa moja. Asubiri mpaka arosto ianze kuonekana: miayo, mafua, vipele vya baridi, mboni zilizopanuka. Kwa heroini ni kama saa 6 hadi 12 tangu ya mwisho. Kwa anayehama kutoka methadoni ni saa 24 hadi 48 au zaidi, tena baada ya kushushwa hadi 30 au chini yake. Kidonge huwekwa chini ya ulimi na kuachwa kiyeyuke, dakika 5 hadi 10. Kinywa kikiwa kikavu, anywe maji kwanza. Kikimezwa, sehemu kubwa hupotea.

Jambo ambalo vijitabu vya kliniki hulipita juu juu ni Ramadhani. Kila mwaka wapo wanaoacha dozi mchana kwa ajili ya funga, wengine wakaiacha kabisa mwezi mzima kwa nia njema, halafu sikukuu inawakuta na marafiki wa zamani na mwili usio na kinga. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, mgonjwa aongee na timu yake. Dozi inaweza kusogezwa mpaka baada ya futari, au akapewa ya kuchukua nyumbani anywe usiku. Kusogeza kutoka asubuhi hadi magharibi kunaongeza saa nyingi za kusubiri, kwa hiyo kufanywe kwa hatua na kwa ushauri wa daktari. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na imamu anayejua hivyo akimwambia ana kwa ana, husaidia kuliko nasaha zetu kumi.

Methadoni ya nyumbani iwe kwenye kisanduku chenye kufuli. Miligramu 10 zinaweza kumuua mtoto mdogo. Isimiminwe kwenye kikombe cha chai, isipimwe kwa chupa ya mtoto, isiwekwe kwenye friji karibu na sharubati.

Na ile tiketi ya kurudi nyumbani? Safari si haramu, ila ipangwe kama ya mgonjwa. Ndani ya nchi za Schengen kuna cheti maalum kinachoruhusu kubeba dawa ya hadi siku 30. Kwa safari ya mbali ni barua ya daktari yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la dawa, kipimo na tarehe za safari, na dawa ibaki kwenye begi la mkononi ndani ya chupa yake yenye lebo. Falme za Kiarabu hudai kibali kabla hujaingia na dawa za aina hii, kwa hiyo anayepitia Dubai alishughulikie mapema. Tanzania ilianza methadoni Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ina kliniki zake hadi pwani. Mwombe daktari wa Ulaya awasiliane na kliniki ya huko kabla ya kulipia tiketi. Jibu likiwa hakuna nafasi, safari isubiri.

Kwa kokeini hakuna dawa mbadala kama methadoni. Msaada ni ushauri nasaha, na anayeuza "sindano ya kuiondoa" anakula pesa zako. Pombe ni tofauti tena. Anayekunywa kiasi kikubwa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48, na kuweweseka kwa hatari siku ya pili au ya tatu. Huyo akifungiwa chumbani anaweza kufia humo. Akianza kutetemeka, kutapika na kuona vitu visivyokuwepo, ni hospitali, wala si maji ya limau.

Kwa wadogo ambao hawajaanza, mhadhara wa kutisha wa mara moja shuleni au msikitini haufanyi kazi. Aisilandi ilikwenda njia nyingine: michezo na muziki kila wiki kwa ruzuku ya manispaa, wazazi wanaojuana, na saa ya kurudi nyumbani iliyoandikwa kwenye sheria, saa nne usiku majira ya baridi kwa wenye miaka 13 hadi 16. Vijana wa miaka 15 na 16 waliolewa ndani ya mwezi mmoja walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi 5 mwaka 2016.

Wakati haya yote yanapangwa, mtu bado anatumia. Basi asishirikiane sindano na mtu, na si sindano tu: kijiko, pamba na maji pia hubeba homa ya ini aina ya C. Vituo hutoa vyote bure. Asitumie peke yake nyuma ya mlango wenye komeo.

Na nyumba iwe na naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini. England familia huipata bure kwenye huduma ya dawa za kulevya. Italia huuzwa duka la dawa bila cheti. Iwekwe mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua. Ukimkuta hajibu, midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa kukwama au hapumui, mwite kwa sauti na umfinye begani. Kimya? Piga 112, simu iwe kwenye spika. Mlaze chali, inua kidevu, ingiza ncha ya dawa ya puani tundu moja, bonyeza mara moja mpaka mwisho. Kama hapumui, mzibe pua, mpulizie mdomoni mara mbili, kisha pumzi moja kila sekunde tano. Baada ya dakika mbili tatu bila mabadiliko, toa ya pili kwenye tundu lingine. Siku hizi vidonge bandia vya mtaani huwa na nitazeni, dawa za maabara zinazofanya kazi kama heroini lakini kali kuliko hiyo, kwa hiyo dozi mbili huenda zisitoshe, endelea kupuliza. Akianza kupumua, mlaze ubavu.

Ataamka na arosto, huenda na hasira, na atataka kutoka nje akatumie tena. Mzuie kwa upole. Naloksoni huisha nguvu kati ya dakika 20 na 90, na kilichomzimisha kinaweza kuwa bado kimo mwilini. Kaa naye, mwongeleshe, hesabu pumzi zake mpaka gari la wagonjwa lifike.