Kabla hujaazima kamera: kupanga filamu fupi ya chuo ukiwa Mbeya

Kila mwaka wa masomo ukikaribia kuisha, simu yangu hujaa skripti. Wanafunzi wa vyuo vya hapa Mbeya, na wachache wa Iringa, wanajua kwamba nimeshika kamera muda mrefu, kwanza kwenye harusi na baadaye kwenye filamu fupi, kwa hiyo wananitumia kazi zao niwape maoni. Nyingi zina ugonjwa mmoja. Hadithi utadhani imeandikwa na mtu huyu na picha zimepangwa na yule, wakati wote wawili ni mtu mmoja.

Hadithi yenyewe unaijua. Binti anadanganywa na mwanaume wa mjini, anapata mimba, anafukuzwa nyumbani, anarudi, watu wanalia. (Wengine wanamaliza kwa kumwamsha usingizini, kumbe ilikuwa ndoto. Naomba hiyo tuipumzishe.) Pembeni yameandikwa maelezo ya picha: droni ikipita juu ya safu ya Uporoto, mashamba ya chai ya Rungwe jua likizama, kila mtu akitembea kwa mwendo wa polepole. Nikiuliza droni inamfaa nini yule binti, sipati jibu.

Ninachowaambia ni kwamba hadithi na mwonekano vipangwe siku moja, kwenye karatasi moja. Usiendelee kuandika kama hujajua hadithi itaonekanaje, na usichague picha hata moja kama hujajua nani ndani ya hadithi anaficha nini.

Tuchukue mfano ambao mtu wa nyanda hizi hahitaji kuelezwa sana: lumbesa. Gunia la viazi limejaa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kichwa juu, viazi vinapangwa kimoja kimoja, linafungwa kwa kamba hadi linakuwa na shingo na kilemba. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza, mkulima anajua, dalali anajua, na magari yanaendelea kupakia. Mwanafunzi akisikia hivyo anasema, hapo nina filamu. Hapana, hapo una mada tu, na mada ndiyo inayozamisha filamu nyingi za wanafunzi, maana inataka kusema kila kitu kwa mara moja: bei ya mbolea, madalali, serikali, walaji wa chipsi Dar es Salaam. Dakika saba za filamu ya chuo hazibebi mzigo huo.

Sasa weka watu. Baba na binti yake wa kidato cha nne, Isyonje, kwenye njia ya Tukuyu, asubuhi. Binti ana daftari aliloandikia idadi ya magunia na uzito wake. Jana usiku baba alimwambia kwamba safari hii hatakubali kuongeza kichwa. Gari linafika, dalali anashuka.

"Mzee, hili limepungua. Ongeza juu."

"Bosi, si tulikubaliana gunia la kawaida?"

"Mzee wangu, gari linaondoka."

Baba anakaa kimya kidogo, halafu anamgeukia binti. "Mama, nipe shazia." Binti anampa ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na baba anaanza kushona.

Filamu ni hiyo. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayefafanua sheria. Baba anaficha aibu, na binti anaificha aibu ya baba kwa kutomtazama usoni. Ukishajua hilo, mwonekano unakuja wenyewe, kwa sababu kama binti hatazami uso, kamera nayo isiutazame. Muda wote wa mauzo tunaona mikono ya baba: kidole gumba chenye udongo mweusi kwenye kucha, shazia ikitoboa nailoni, kamba ikivutwa mpaka gunia linalia. Kamera inakaa kwenye kimo cha binti aliyeketi juu ya magunia, si kimo cha mtu mzima aliyesimama. Hata mwigizaji wa baba sasa unajua umtafute vipi. Unataka mtu ambaye mikono yake imewahi kushona gunia kweli, hata kama hajawahi kuigiza.

Kwa hiyo kwenye karatasi ile ile, chini ya hadithi, andika makatazo ya filamu yako. Orodha ya unavyovipenda haikusaidii, kwa kuwa kila mtu anapenda jua likizama. Kwa filamu hii mimi ningeandika: uso wa baba hauonekani kuanzia dalali anaposhuka mpaka gari linapoondoka, kamera haitembei kabla gari halijatembea, hakuna muziki. Katazo zuri linauma kidogo. Litakulazimisha kuacha picha uliyokuwa unaitamani, na siku ya kupiga, rafiki yako mwenye droni akianza kukushawishi, utakuwa na jibu. (Droni nayo ina vibali vyake vya mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hiyo umejipunguzia mbio.)

Rangi ipange kwa namna hiyo hiyo. Huku kijani na rangi ya udongo unapewa bure, kazi yako ni kuamua kipi kisiingie. Waambie waigizaji waje na masweta yaliyofifia, na uyaone siku moja kabla. Zaidi ya yote zuia jezi. Jezi ya Simba au Yanga ikipita kwenye fremu, mtazamaji haangalii tena mtu anajisikiaje, anaangalia ligi. Kama kamba ya kufungia kichwa cha lumbesa ni ya manjano, basi manjano isionekane kokote kabla ya hapo.

Mwanga unataka maneno mengi kidogo, kwa sababu video za mafunzo ambazo wanafunzi wanaziangalia zimetengenezwa Ulaya na Marekani. Zinakuambia usubiri mwanga wa dhahabu wa jioni kana kwamba utakaa nao muda mrefu. Kwetu, karibu na ikweta, jua linashuka kwa haraka, na ule mwanga laini wa chini hauzidi sana nusu saa. Kwa Mbeya mjini ongeza na safu ya milima upande wa kaskazini. Juni jua linaegemea huko huko kaskazini, na sehemu iliyo chini ya mlima inaingia kivulini kabla saa ya simu yako haijakuambia kwamba jua limezama. Asubuhi nayo ina yake. Tunatumia saa zile zile za Dar es Salaam lakini tuko mbali zaidi magharibi, kwa hiyo jua la Mbeya linachelewa zaidi ya dakika 20. Usichukue ratiba ya mtu wa Dar ukaifuata kama ilivyo.

Halafu kuna ukungu. Uporoto na Tukuyu unaweza kupiga picha saa moja asubuhi huoni mti wa mita thelathini mbele yako, na saa nne jua likawa linachoma. Ukiziunganisha picha hizo mbili ndani ya mazungumzo ya dakika moja, mtazamaji atadhani siku imebadilika. Amua mapema: ama ukungu ni sehemu ya hadithi, ama usubiri uondoke. Kwenye filamu yetu ningepiga kwa mfuatano wa hadithi yenyewe: kusubiri gari ndani ya ukungu, dalali akitokea humo, na mauzo kufanyika wakati kunaanza kuwa peupe, mahali ambapo mtu hana tena pa kujificha. Wa Iringa na Makete mna ukungu na baridi yenu, hesabu ni zile zile. Kuanzia Novemba mpaka Mei weka siku ya akiba kwa ajili ya mvua; Juni mpaka Agosti mvua haikusumbui sana, vumbi ndilo litakaloingia kwenye lenzi.

Ukungu mweupe una shida nyingine kwa anayetumia simu. Simu ikiachiwa ijipangie mwanga yenyewe, itaufuata ule weupe wa nyuma na uso wa mwigizaji utakuwa kivuli cheusi. Gusa uso kwenye kioo, funga mwanga hapo, au msogeze mwigizaji nyuma yake kuwe na ukuta wa tofali au kichaka badala ya anga. Funga na rangi ya mwanga, isije ikawa ya bluu kwenye picha hii na ya njano kwenye ile. Kwa ndani, penye taa za tyubu, weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) sehemu 1 ya 50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukipiga kwa fremu 30 kama simu nyingi zinavyokuja, baadhi ya taa zitapepesa kwenye picha.

Urefu: kwa kawaida ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa dakika moja, ila skripti yenye kazi za mikono na maneno machache hudanganya. Igizeni mkiwa na saa. Kushona gunia moja kunaweza kula nusu ya filamu.

Vibali visikuchoshe, lakini usivikwepe. Bodi ya Filamu ina utaratibu wake, chuo kikupe barua, na ukifika kijijini anza kwa mtendaji kabla hujafungua begi la kamera. Sokoni Mwanjelwa anza na uongozi wa soko. Stesheni ya TAZARA, hata kama jengo linakuvutia, usielekeze kamera bila ruhusa.

Storibodi, yaani michoro ya kila shoti kwa mfuatano? Kama hujui kuchora, usichore. Nenda pale pale mtakapopiga, saa ile ile, na marafiki wawili wasimame badala ya waigizaji. Piga picha za mnato kwa simu kwa kufuata karatasi yako, moja kwa kila shoti, kisha zipange kwa mfuatano. Mpe simu mtu asiyeijua hadithi, mama ntilie wa stendi anatosha, apitishe picha zote bila wewe kusema neno, halafu muulize nini kimetokea. Akianza kukueleza bei ya viazi imepanda au imeshuka, rudi kwenye karatasi. Akikuuliza kwa nini yule binti hakukataa kutoa shazia, nenda kaazime kamera.