Muulize Fundi: Kitufe kimegoma baada ya adapta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibodi ya IBM Model M, ile nzito yenye mlio wa springi, haina kitufe cha Windows. Kwenye kompyuta yangu ya zamani ya Linux niliipa Caps Lock kazi ya kitufe hicho, ikatii miaka yote. Sasa kompyuta mpya haina tundu la duara la kibodi (PS/2), nimetafuta adapta ya USB. Herufi zinaandika vizuri kabisa, ila Caps Lock imerudia kazi yake ya zamani. Nimenakili faili lile lile lililobadili kazi ya kitufe, kutoka folda ya /etc/udev/hwdb.d/, nikawasha upya kompyuta, wapi! Adapta ni mbovu?

JIBU: Marahaba. Adapta yako nzima. Zipo zile zisizo na chipu ndani, nyaya tupu, na hizo kwa Model M ni pambo tu, maana kibodi hiyo haijui USB. Ungekuwa na ya namna hiyo usingepata hata herufi moja.

Yako inatafsiri, na tafsiri hiyo ndiyo iliyokuchanganya. Kwenye tundu la duara, Linux iliisoma Caps Lock kwa msimbo wa 3a. Adapta inapokea ujumbe wa kibodi na kuutoa upya kwa mpangilio wa USB, kwa hiyo kitufe kile kile kinaingia kama 70039. Faili lako linaisubiri 3a, nayo haiji. Tena mstari wake wa juu una neno atkbd, yaani kibodi ya tundu la duara, wakati kompyuta sasa haiioni Model M hata kidogo. Inaiona adapta.

Basi achana na kunakili, andika jipya. Amri ya lsusb itakupa namba za adapta: tarakimu nne, nukta mbili, tarakimu nne, na humo huweza kuchanganyika herufi. Kisha endesha sudo evtest, programu inayoonyesha kila kitufe kinavyoingia, chagua kifaa, bonyeza Caps Lock, utafute mstari wenye MSC_SCAN. Kilichoandikwa mbele ya value ndicho cha kufuata, hata kikipingana na mimi. Adapta yenye matundu mawili, la zambarau na la kijani, huweza kujitokeza mara mbili kwenye orodha. Wewe shika ya kibodi, ya kipanya iache.

Faili liwe kwenye folda ile ile, jina liishie na .hwdb, ndani yake hivi:

evdev:input:b0003v1A2Bp3C4D*
 KEYBOARD_KEY_70039=leftmeta

Penye 1A2B na 3C4D weka namba zako; leftmeta ndicho kitufe cha Windows. Hapa ndipo watu wengi hukwama wakaanza kuisingizia kibodi ya watu. lsusb huonyesha herufi ndogo, 1a2b, lakini mstari huu unataka kubwa, 1A2B. Na mstari wa pili lazima uanze na nafasi tupu. Ukiubana ukutani hausomwi.

Malizia na sudo systemd-hwdb update, halafu sudo udevadm trigger. Kibodi nyingine yoyote uliyochomeka haitaguswa, kwa kuwa agizo limefungwa kwenye namba za adapta hiyo. Ukija kubadili adapta, ubadili na namba.

Ikigoma bado, niandikie tena, lakini nitumie matokeo ya evtest. Picha ya kibodi sihitaji, ingawa ni nzuri.