Postikodi ya Mwanjelwa, shamba la Ilembo

Nilipokuwa kwa msambazaji mmoja wa pembejeo hapa Mbeya, bosi alitaka ramani: wateja wako wapi, stoo ya pili tuiweke wapi. Fomu zote zilikuwa kwenye kompyuta, kila moja na postikodi ya mteja, yaani namba ya posta ya eneo anakoishi. Nikajiambia, kazi ya jioni moja hii.

Ramani ikatoka na doa kubwa jekundu Mwanjelwa, penye soko hapa jijini na duka letu. Yaani wanunuzi wa mbegu za viazi, karibu wote, wanalima sokoni! Nikaanza kupiga simu. Mama mmoja akacheka: “Mwanangu, mimi niko Ilembo, huku Umalila. Hiyo namba kaiandika kijana wenu wa kaunta.” Kweli, mteja akisema haijui postikodi yake, kijana alijaza ya duka. Simlaumu sana; mimi mwenyewe ya kwangu niliitafuta kwenye simu.

Lakini hata ikijazwa sawasawa, haifiki mbali. Tarakimu ni tano: ya kwanza kanda, ya pili mkoa (53 ni Mbeya, 51 Iringa), ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Inaishia hapo. Kata ya jijini unaivuka kwa miguu. Za Mbarali kule Usangu, utakaa kwenye bodaboda mpaka mgongo ulalamike. Programu inatupa nukta katikati ya kata, hata kama hapo katikati hakuna nyumba. Ukipaka rangi, kata pana yenye wateja watatu inameza macho yote.

Marekani nako yaliwakuta. ZIP code, postikodi zao za tangu 1963, zilikuwa za kurahisisha kupeleka barua, wala si maeneo yenye mipaka. Kwa sensa ya 2000 ilibidi ofisi ya sensa ichore maeneo yake ya kukaribiana nazo.

Usiitupe postikodi. Itumie kuhesabu kwa kata, kisha gawanya kwa idadi ya kaya za Sensa ya 2022, la sivyo utakuwa unapima wingi wa watu tu. Fomu za kabla ya 2016 ziangalie kwa jicho kali: Tunduma na Vwawa humo bado ni Mbeya, mkoa wa Songwe haujazaliwa. Kwa kutafuta mahali pa stoo, uliza kijiji na kitongoji, na dereva akishusha mzigo abonyeze GPS ya simu palepale.

Sisi tulifanya hivyo msimu mmoja. Doa la Mwanjelwa likayeyuka, nukta zikajipanga kufuata barabara ya Mbalizi kupanda Ilembo. Stoo ikaenda Mbalizi.