Kabla ya Kukokotoa, Uliza: Kizima ni Kipi?

Mwanafunzi anayekosa hesabu za asilimia mara nyingi anajua vizuri kuzidisha na kugawanya. Kosa limetangulia: hakujiuliza asilimia hiyo ni ya kitu gani. Kwa hivyo kabla ya lolote, aandike pembeni mwa swali: 100% hapa ni kipi?

Tuseme duka moja la Biashara Street linauza leso shilingi 500. Bei ikapanda kwa 20%, kisha ikashuka kwa 20%. Wengi huandika kwamba imerudi 500. La. Kupanda kulihesabiwa juu ya 500, ikawa 600. Kushuka kumehesabiwa juu ya 600, yaani 120, ikabaki 480. Kwa mkato: 500 × 1.2 × 0.8.

Swali likigeuzwa, alama nyingi zaidi hupotea. "Baada ya punguzo la 20%, leso inauzwa 480. Bei ya awali ni ngapi?" Mtoto huchukua 20% ya 480, yaani 96, akajumlisha akapata 576. Lakini 480 si kizima. Ni 80% ya kizima. Gawanya 480 kwa 80, upate 6, ambayo ndiyo 1%. Zidisha kwa 100: 600.

Risiti yenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% ni vivyo hivyo. Ukilipa 5,800 kodi ikiwa ndani, hiyo ni 116% ya bei bila kodi. Kodi ni 5,800 × 16 ÷ 116 = 800. Anayechukua 16% ya 5,800 hupata 928, kwa kuwa ametoza kodi juu ya kodi. Hakiki kwa kurudi nyuma: 5,000 na 16% yake ni 5,800.

Kwenye maumbo, angalia vipimo. Tangi la maji la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 1.5 lina nusu kipenyo cha 0.7. Ujazo ni 22/7 × 0.7 × 0.7 × 1.5 = mita za ujazo 2.31, yaani lita 2,310. Ukiingiza 1.4 mahali pa 0.7 utapata lita 9,240, mara nne ya maji yaliyomo, kwa sababu namba hiyo huzidishwa kwa yenyewe.

Vigae navyo vina mtego ambao vitabu huupita haraka. Chumba cha mita 3.5 kwa 3, vigae vya sentimita 30 kwa 30. Ukigawanya eneo, 10.5 ÷ 0.09, unapata 116.67, basi utaandika 117. Fundi atahitaji 120. Upande wa mita 3.5 huchukua vigae 11 na kubaki sentimita 20. Kigae cha 12 kikikatwa, kipande cha sentimita 10 kinachobaki hakitoshi kuziba pengo jingine. Hapo hesabu kwa safu: 12 × 10.

Uwezekano ndio unaoogopwa zaidi, na naona si haki, kwa sababu swali la kizima linautatua karibu wote. Kapu la soko la Kongowea lina maembe 12, matatu mabovu. Unatoa mawili, moja baada ya jingine, bila kurudisha. Uwezekano kwamba yote mawili ni mazima? La kwanza ni 9/12. La pili si 9/12 tena: kapu lina 11, na mazima yamebaki 8. Basi 9/12 × 8/11 = 6/11.

Wakiuliza uwezekano wa bovu moja tu, chora mti wa matawi. Bovu linaweza kutangulia, 3/12 × 9/11, au kufuata, 9/12 × 3/11. Kila njia ni 27/132, na zote mbili pamoja ni 54/132, yaani 9/22. Anayesahau njia ya pili hupata nusu ya jibu. "Angalau moja bovu" haihitaji mti: toa 6/11 kutoka 1, ubaki na 5/11.

Mwisho jumlisha matokeo yote: mazima mawili 12/22, bovu moja 9/22, mabovu mawili 1/22. Jumla ni 22/22. Isipofika 1, kuna tawi limesahaulika au kapu halikupunguzwa. Acha sehemu zikiwa sehemu hadi hapo. Ukizigeuza desimali mapema na kuzikadiria hadi nafasi mbili, jumla itakuja 1.01 nawe hutajua kama umekosea.