Muulize Shangazi: Nikimuuliza, mwenye kosa huwa mimi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga. Tangu mwaka jana nina mchumba niliyempata Facebook. Anasema ni Mzanzibari, mhandisi wa mafuta huko Muscat. Hatujaonana hata kwa video: mara kamera mbovu, mara kazini hawaruhusu. Nimemtumia laki nne na nusu nilizokopa kikoba, mama yake alikuwa amelazwa Mnazi Mmoja. Nilipomuuliza wodi ili ndugu zangu wa Unguja wakamjulie hali, alikasirika, akanyamaza. Akaniandikia dada yake kwamba nimemvunja moyo kaka yake. Nikaomba radhi. Je, namkosea kwa kumshuku?
Mama M., Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujamkosea.

Nimezisoma zile picha za meseji ulizoniletea. Huyo dada anaandika “ebu” na “uwa”, anaacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza, na kila ujumbe anaumalizia kwa nukta nne. Kaka mtu naye vivyo hivyo. “Ebu” utaikuta kwa wengi, nisingemhukumu mtu kwa hiyo peke yake. Lakini yote hayo kwa pamoja, ujumbe baada ya ujumbe? Anayeandika ni mtu mmoja.

Kilichoniuma zaidi ni siku ile ya wodi. Uliuliza wodi, ukajibiwa “kumbe huniamini”. Ukauliza tena, ukaambiwa alivyoteswa na mchumba wa zamani. Kisha kimya, kisha dada. Mwisho wake wewe ndiye uliyeomba msamaha, na wodi huijui mpaka leo. Mwenye mama hospitalini kweli angeshukuru kupata mtu wa kumpelekea uji.

Usijione mjinga. Marekani kulikuwa na mchezaji maarufu wa mpira wao, Manti Te'o, aliyempenda msichana wa mtandaoni na kumlilia alipoambiwa amekufa, Septemba 2012. Januari 2013 waandishi wa habari walifichua kwamba msichana huyo hakuwahi kuwepo. Nyuma yake alikuwa kijana wa kiume. Te'o alikuwa ameomba video, akapata kioo cheusi. Baadaye aliomba picha akiwa ameshika karatasi, na ikaja! Mwanamke halisi, ambaye picha zake zilikuwa zimetumiwa bila yeye kujua, aliombwa apige picha hiyo kwa kisingizio cha kumfariji ndugu aliyepata ajali. Kwa hiyo huyo wako akikuletea picha kesho, isikulainishe.

Sasa pesa. Unasema ulipotuma lilitokea jina la mwanamke, na mchumba wako akakuambia ni mke wa mjomba. Jina hilo liandike, pamoja na namba, tarehe na kumbukumbu ya muamala. Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo polisi wana pa kuanzia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu anayejifanya mtu mwingine kwa njia hii. Nenda kituoni na simu yenyewe, meseji zikiwa humo humo, usifute hata moja. Namba iliyokuomba pesa itume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Na nakuomba sana, usimwambie kwamba umemgundua. Najua moyo unataka aseme mwenyewe. Ukimweleza habari ya nukta nne, atazirekebisha leo leo. Ukimtajia polisi, akaunti itafungwa. Wala usibishane na “dada”, maana kila swali lako watalijibu kwa kilio kipya, na wewe una huruma nyingi.

Kuhusu kikoba, usingoje siku ya marejesho. Mwone mwenyekiti wiki hii, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, muombe upangiwe kulipa kidogo kidogo. Na muulize kwa upole kama kuna mwanachama mwingine anayechumbiwa na mhandisi wa Muscat.