Nimesamehe, lakini nikimwona moyo unachafuka: je, nimesamehe kweli?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mama yetu alipofariki aliacha fedha mikononi mwa kaka yangu ili atugawie watoto wote. Akazitumia zote, na wadogo zetu wawili hawakupata kitu. Yapata miaka mitatu sasa. Nimeomba, nimetamka kwamba nimemsamehe. Lakini nikimwona, au jina lake likitokea kwenye simu, moyo unanienda mbio na hasira inapanda. Mathayo 18:35 inasema tusamehe kwa mioyo yetu, na wangu naona haujasamehe. Nimeacha hata kushiriki Meza ya Bwana. Nifanyeje?

JIBU: Amina, dada yangu. Nianze na Meza ya Bwana, maana hapo unajinyima chakula wakati una njaa. Paulo anaandika, “Mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate” (1 Wakorintho 11:28). Anamtaka mtu ajihoji kisha ale, hasemi ajihoji kisha akae mbali. Kinachomzuia mtu ni chuki anayoishikilia kwa makusudi na hataki kuiacha. Wewe unaichukia hasira yako na unaomba iondoke. Rudi mezani.

Sasa tuje kwenye neno lililokutisha. Katika Maandiko moyo si mahali pa hisia peke yake. Ndipo mtu anapofikiri, anapopima na anapokata shauri. Danieli “aliazimu moyoni mwake” asijitie unajisi (Danieli 1:8), na mtoaji hutoa “kama alivyokusudia moyoni mwake” (2 Wakorintho 9:7). Kwa hiyo kusamehe kwa moyo ni kuamua kwa dhati, bila unafiki, kwamba hutamlipiza. Yesu hakuagiza kwamba siku hiyo hiyo usisikie maumivu.

Tena utazame vizuri mfano wenyewe ambao Yesu aliufunga kwa maneno hayo, wa mtumwa aliyesamehewa deni na bwana wake kisha akakataa kumsamehe mtumwa mwenzake. Mtumwa wa kwanza alisamehewa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa kutwa. Hilo ni deni la dinari milioni 60, halilipiki hata kwa vizazi. Mwenzake alidaiwa dinari 100. Wahubiri wengi huziita fedha kidogo, na hapo huwaumiza watu bure. Dinari 100 ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakusema ulichokosewa si kitu. Alijua kinauma, na bado akatuagiza tukiachilie kwa sababu ya ukubwa wa tulichosamehewa sisi.

Kuhusu hisia zinazorudi, msome Yusufu polepole, kuanzia Mwanzo 41 hadi 50. Aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17 (Mwanzo 37). Alipopata mtoto wa kwanza Misri alimwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake zote. Ungedhani yamekwisha. Lakini ndugu zake walipotokea akasema nao kwa ukali, kisha akageuka kando akalia (42:24). Mara ya pili akaingia chumbani akalia, akanawa uso, akajizuia, akatoka (43:30-31). Alipojitambulisha alikuwa na miaka kama 39, yaani baada ya miaka 22, na kilio chake kikasikika hadi nyumbani kwa Farao. Miaka 17 baadaye, Yakobo alipokufa, akalia tena (50:17). Huyu ndiye aliyewalisha ndugu zake na watoto wao. Machozi yake hayakuubatilisha msamaha wake, na yako hayaubatilishi.

Augustino, askofu wa Hippo, akifafanua Mahubiri ya Mlimani, alieleza kwamba dhambi hupita hatua tatu: wazo huja, mtu huanza kulionjea utamu, kisha hulikubali. Moyo kwenda mbio simu inapolia ni hatua ya kwanza, na hilo mara nyingi ni kumbukumbu iliyokaa mwilini. Hukuliita, na huhukumiwi kwa kuja kwake. Hatari inaanzia pale unapokaa nalo: unarudia kichwani maneno makali utakayomwambia, unawaza siku atakapoaibika, na unasikia raha. Jihoji hapo. Akipata hasara, unafurahi? Mithali 24:17 inakataza hilo waziwazi. Unaisimulia habari yake kwa watu wasioweza kusaidia, ili wamchukie nawe? Kama ndiyo, hilo litubie ukilitaja waziwazi.

Nadhani tatizo lako jingine ni kwamba ulisamehe kwa jumla. “Nimemsamehe yote” ni sala nzuri, ila haina mipaka, kwa hiyo kila kumbukumbu ikija inaonekana kama deni jipya. Chukua karatasi. Andika alichofanya kwa sentensi moja au mbili, kiasi cha fedha, na nini kilikwama kwa ajili hiyo. Usipunguze ili uonekane mpole, wala usiongeze. Soma Zaburi 55 kwa sauti, hasa mstari wa 12 hadi 14, ambapo mwimbaji analia kwamba aliyemtukana si adui bali rafiki yake aliyemjua sana. Kisha soma karatasi yako mbele za Mungu na useme, “Deni hili nakukabidhi wewe. Sitalidai kwa kisasi.” Weka tarehe chini.

Kumbukumbu ikirudi, jiulize kama jambo hilo limo kwenye karatasi. Kama limo, lilishakabidhiwa, usifungue kesi upya. Kama ni jipya, pengine umegundua kwamba alidanganya pia, lisamehe peke yake. Agizo la Yesu la kusamehe “saba mara sabini” lina kazi hata hapa.

Na simu ikilia, kabla ya kupokea shusha pumzi taratibu na useme, “Bwana, mbariki kaka yangu leo.” Pokea, zungumza alilopigia, usichokonoe ya zamani. Ukikata, usimpigie ndugu mwingine papo hapo kuyachambua mazungumzo. Ndipo makaa yanapopulizwa. Katika maombi yako ya kila siku mwombee jambo moja mahususi: afya yake, kazi yake, toba yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2843, inasema kutohisi kosa au kulisahau haviko katika uwezo wetu, lakini moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu huligeuza jeraha kuwa huruma na maombezi. Hata kama wewe si Mkatoliki, hilo ni neno la kweli. Hisia huwa zinafuata nyuma ya maombezi, mara nyingi kwa kuchelewa.

Usilazimishe ukaribu. Msamaha unautoa peke yako. Upatanisho unahitaji watu wawili. Yusufu mwenyewe aliwajaribu ndugu zake mpaka Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini, mdogo wao, ndipo akajifunua. Kumkabidhi kaka yako fedha tena kabla hajatubu hakukuamriwa popote.

Kama usingizi umepotea, chakula hakipiti, au umekata tamaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mwone daktari au mshauri nasaha huku ukiendelea kuomba. Huko si kupungukiwa imani.

Limebaki suala la fedha, ambalo hukuliuliza ila naliona. Sehemu yako unaweza kuiachilia, Paulo anauliza, “Maana si afadhali kudhulumiwa?” (1 Wakorintho 6:7). Sehemu ya wadogo zako huwezi kuiachilia kwa niaba yao. Zakayo, mtoza ushuru, alipookoka aliahidi kurudisha mara nne, na Yesu hakumzuia. Kwa hiyo mwendee kaka yako faraghani kwanza, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, ukiwa na kiasi kamili na pendekezo la kulipa kidogo kidogo. Asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili anaowaheshimu, kisha wazee wa kanisa. Usiende siku ambayo hasira imepanda. Ahirisha hata wiki nzima, ili uende kudai haki ya wadogo zako na si kumvunja.